Nazisoma Kabla Sijazifua

Nyuma ya hoteli, pale harufu ya bahari inaposhindwa na sabuni,
ndipo ofisi yangu: mashine mbili, moja mgonjwa,
na karai la mama, la enzi zake za kufulia watu wa Shela.
Wageni hawanijui. Mimi nawajua kwa mifuko.

Tope jeusi hadi magotini, lanuka yai bovu:
hawa walikwenda Mida, wakateremka kwenye daraja la mbao
kumfuata kaa mwenye gando moja kubwa.
Chumvi iliyokauka kama ramani kwenye kaptura,
mkate uliolowa mfukoni:
hawa ni wa mashua yenye kioo tumboni.
Ganda la ndizi, na mfuko wenyewe umechanika:
hapo siulizi. Ni Gede.
Kima wa Gede haombi, anadai.

Mzee wa chumba cha pili, Mtaliano,
mwaka wa kumi na moja huu anakuja,
na nguo zake hazina kitu ila majivu na tone la kahawa.
Safari yake ni kutoka kitini hadi kivulini;
kivuli kikisogea, naye husogea.
Zake nazifua upesi. Hazina habari.

Jumanne ile Bi Rukia wa mapokezi alikwenda kliniki.
Nikaambiwa nisimame kaunta, nivae beji yake.
Siku nzima niliitwa Rukia, nikaitika.
Wakaja watu wa Nyahururu, mtu na mkewe na binti,
sweta bado ziko viunoni.
"Twende wapi?"

Ulimi ukafunguka.
Nguzo ya Mreno msiende adhuhuri, mawe yatawachoma nyayo.
Heroe wako mdomoni mwa Sabaki, maji yakipwa,
vaeni viatu msivyovipenda.
Nyari, nikasema, nendeni saa kumi na moja jioni,
udongo ubadilike rangi mkiwa mmesimama.
Yote hayo niliyatoa mifukoni mwa watu.

Binti, Gathoni, akaning'ang'ania kwa macho:
"Wewe ulipapenda wapi zaidi?"
"Nyari."
Kwa sababu wekundu wake ndio hunitesa,
hautoki kwa ndimu, hautoki kwa jua.
"Kukoje?"
"Ni kama..."
Simu ikalia. Mungu si Athumani.

Jumapili yangu ya mapumziko, Thoya wa gari la hoteli
alikuwa na kiti kimoja kitupu.
Mlangoni nikalipa bei ya wenyeji;
ajabu, kulipa ili niitwe mwenyeji.
Nilitarajia shimo.
Nikakuta ardhi imevuliwa nguo:
kahawia, waridi, weupe wa maziwa, halafu ule wekundu,
ule ule, adui yangu, umesimama wima kuliko mnazi.
Miaka sita nimekuwa nikiumwaga mlima huu mtaroni
kijiko kwa kijiko.

Kijana mwenye fimbo akatuhadithia
habari za ukoo tajiri uliooga maziwa ya ng'ombe
hadi ardhi ikakasirika, ikawameza.
Wenzangu wakapiga picha.
Mimi nikawaza: na nguo zao, nani alizifua?
Nikakaa chini. Leso yangu mpya, ya Idi,
nikaikalia udongoni, nikajisogeza kidogo,
nikajisogeza tena.

Jumatatu niliitia leso mashineni
pamoja na taulo tano za chumba cha tisa.
Kwa makusudi? Usiniulize.
Zilitoka zina haya usoni, waridi tupu,
na Bwana Nzai akafoka mpaka kwenye bwawa kukasikika.

Mzee wa chumba cha pili akainuka kitini.
Akaja kwenye kamba, akashika taulo moja,
akaitazama dhidi ya jua, muda mrefu,
kisha kwa Kiswahili chake cha kubahatisha:
"Hii... wapi?"

Nikamwambia saa ya kwenda.
Nikamwambia na habari za viatu.